Mama amekataliwa kipimo cha ubongo kwa sababu ya jeni: je, ni jeni mbaya?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71, tunaishi naye Uingereza. Ana Alzheimer, hatua za mwanzo. Alikubali kuingia kwenye utafiti wa kupigwa picha ya PET ili waangalie seli za kinga za ubongo. Wakamtoa damu kwanza, kisha wakasema hafai kwa sababu ya jeni yake. Tangu siku hiyo hana raha. Je, ana jeni mbaya? Na picha ile ingetuonyesha nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mama leo hii: jeni waliyoipima si chanzo cha Alzheimer, na haisemi lolote kuhusu kasi ya ugonjwa wake. Iliwasaidia kujua jambo moja tu, kama dawa yao ya kupigia picha ingenasa kwake.

Ubongo una walinzi wake, seli ziitwazo maikroglia. Kwenye Alzheimer huzikuta zimejazana kuzunguka mabonge ya protini ya amiloidi. Ili kuziona mtu akiwa hai, tunatafuta protini iitwayo TSPO, inayokaa kwenye utando wa nje wa mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli. Mgonjwa huchomwa mshipani dawa kidogo mno yenye mionzi, dawa hiyo hung'ang'ania TSPO, na mashine hurekodi mionzi inakotokea.

Dawa ya kwanza kuzoeleka ilikuwa PK11195. Mwaka 2001 watafiti wa London waliitumia na kuonyesha kwamba inajikusanya zaidi kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer kuliko wa wenzao wazima. Ila picha zake zina ukungu mwingi. Zikatengenezwa dawa kali zaidi, mfano PBR28, na hapo likazuka jambo la ajabu: baadhi ya watu picha zao zilitoka kama vile hawakuchomwa kitu. Kumbe kwenye jeni ya TSPO kuna herufi moja inayotofautiana kati ya mtu na mtu. Nafasi ya 147 ya protini, wengine wana alanini, wengine threonini (hizi ni asidi amino, matofali yanayojenga protini). Aliyerithi threonini kwa baba na kwa mama, PBR28 humshika kwa unyonge, karibu mara 50 chini ya mwenzake. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, karibu 1 kati ya 10 yuko hivyo. Kama mama ni mmoja wao, wewe nawe unayo angalau nakala moja, maana kila mtoto huchukua moja kwa mama yake. Isikutie hofu.

Ningekuwa mimi kwenye utafiti ule ningemzuia vilevile. Kaboni-11, kaboni yenye mionzi inayotumika kwenye PBR28, hupungua nusu kila dakika 20. Baada ya saa moja imebaki sehemu 1 kati ya 8. Ndiyo maana mgonjwa hulazwa mashineni kabla dawa haijatoka maabara. Kisha hutulia pale kama saa moja na nusu, mara nyingi na mpira mwembamba kwenye ateri ya kifundo cha mkono wa kutolea damu. Kumtesa hivyo mama mwenye miaka 71, halafu picha isisomeke, si haki.

Nalo swali lako la pili lina uzito. Picha ile isingewaambia kama walinzi hao wanamsaidia mama au wanamdhuru. Tulizoea kusema penye TSPO nyingi pana seli zilizochachamaa. Kwa panya ni kweli. Kwa binadamu, uchunguzi wa tishu za ubongo uliochapishwa 2023 umeonyesha kwamba TSPO inaeleza zaidi wingi wa seli kuliko ukali wake. Isitoshe, astrosaiti (seli nyingine za ubongo) na kuta za mishipa ya damu nazo zinayo. Kwa hiyo matibabu ya mama hayajapungukiwa kitu: picha hii ni ya utafiti, hakuna daktari anayempangia mgonjwa dawa kwa kuitazama.

Kama bado ana hamu ya kushiriki, waulizeni kama kuna utafiti unaotumia dawa ya kupigia picha iitwayo ER176. Hiyo hutoa picha inayosomeka hata kwa watu wenye jeni kama ya mama.