Mzee Akivunjika Nyonga, Uamuzi wa Upasuaji Usicheleweshwe

Mzee akianguka akashindwa kusimama, na mguu mmoja ukaonekana mfupi kuliko mwenzake huku unyayo umegeukia nje, familia ijue kwamba huenda nyonga imevunjika hata kabla ya picha ya eksirei. Ndivyo alivyokuwa mama mkubwa wangu, hapa Pemba, alipoteleza akitoka kutia udhu wa alfajiri. Kilichotupa shida kuliko operesheni yenyewe ni kikao cha ukoo kilichoitangulia.

Mjomba alishikilia kwamba mtu wa umri ule hapasuliwi, na jirani akashauri aitwe fundi wa kuunga mifupa aje amkande na kumfunga vijiti. Hofu yao ilitokana na mapenzi, lakini daktari alitueleza jambo ambalo kila familia inapaswa kulijua mapema. Kulala chali wiki kwa wiki kunamletea mzee vidonda vya mgongoni, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo na damu kuganda katika mishipa ya miguu, bonge ambalo linaweza kupanda hadi mapafuni likamuua. Vijiti haviwezi kuishika nyonga, kwa kuwa imezama ndani ya nyama nene, na kuikanda huzidi kuvisogeza vipande.

Mfupa wa paja ukivunjika shingoni, yaani sehemu nyembamba iliyo chini ya kichwa chake cha mviringo kinachoingia kwenye nyonga, na vipande vikaachana, damu inayolisha kichwa cha mfupa huweza kukatika, na ndiyo sababu madaktari mara nyingi hukiondoa kichwa hicho wakaweka cha bandia. Ukivunjika chini ya shingo, hufungwa kwa bamba na skrubu, au kwa chuma kirefu kinachopitishwa ndani ya mfupa. Mara nyingi ganzi ya mgongoni inatosha, na umri peke yake si kizuizi. Hatari ipo, wala haifai kufichwa: hata katika nchi zenye hospitali kubwa, wazee 20 hadi 30 kwa kila 100 waliovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka mmoja. Hata hivyo, kumwacha kitandani bila upasuaji kwa kawaida ni hatari zaidi.

Mwongozo wa Uingereza unataka upasuaji ufanyike siku ya kulazwa au siku inayofuata. Sisi wa visiwani hatuna budi kuuliza tangu saa za mwanzo kama daktari bingwa wa mifupa yupo na kama chuma kinachohitajika kipo. Kama hakuna, rufaa ya kwenda Unguja au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, ianze kushughulikiwa siku hiyohiyo, kwa sababu bahari haimsubiri mgonjwa. Wachangiaji damu watafutwe, na dawa zote anazotumia zipelekwe hospitali, hasa za presha, za kisukari na za kuzuia damu kuganda. Dawa ya maumivu aombewe tangu mwanzo.

Usiku baada ya operesheni mama mkubwa aliweweseka, akawaita jamaa waliokwisha kufariki, na baadhi yetu wakaanza kunong'ona habari za mashetani. Hali hiyo huwapata wazee wengi baada ya upasuaji. Alitulia tulipompa maji ya kutosha, tukamvisha miwani yake, na mtu anayemzoea akawa karibu naye wakati wote.

Asubuhi yake walimsimamisha kwa fremu ya kutembelea, akalia kwa maumivu, na nasi tukataka aachwe apumzike. Huruma ya namna hiyo haimsaidii, maana kusimama mapema ni sehemu ya tiba. Aliyewekewa kichwa cha bandia huenda akakatazwa kwa wiki kadhaa kuketi mkekani, kukalia mbuzi ya nazi au kuchuchumaa chooni, kwani kiungo kinaweza kuchomoka. Basi sala aswali kwenye kiti, na chooni awekewe kiti kirefu. Na kabla hajaruhusiwa, muulizeni daktari kuhusu dawa za kuimarisha mifupa, kwa sababu mfupa uliovunjika kwa kuteleza tu unaonyesha kwamba na mingine imedhoofika, na nyonga ya pili nayo iko hatarini.