Tuna uwezo, je kuwapimia watoto hela ya chipsi na ashkrimu ni ubakhili?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Sisi alhamdulillah Allah katujaalia, mume wangu ana duka la vipuri Kariakoo na biashara inaenda. Tuna watoto watatu, wa miaka 14, 11 na 7. Kila asubuhi baba yao anampa mkubwa elfu kumi na hao wawili elfu tano tano, na shule chai na chakula cha mchana wanapewa. Jioni wanaomba tena, mara ashkrimu, mara chipsi mayai, mara bando la kuchezea gemu. Nikisema tuwapimie mume ananijibu huo ni ubakhili, hela yenyewe ndogo haitufilisi. Je nikiwazuilia napata dhambi? Na huyu mkubwa kupewa zaidi si dhulma kwa wadogo?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah dada yangu, Allah awabarikie mali na watoto.

Nianze na baba yao maana nia yake ni njema na naomba usimvunje moyo. Mtume (s.a.w.) kwenye hadithi ya Muslim alitaja dinari ya njia ya Allah, dinari ya kumkomboa mtumwa, ya kumpa masikini na ile unayotumia kwa familia yako, akasema yenye ujira mkubwa zaidi ni hiyo ya familia. Kwa hiyo mume wako akiwanunulia wanae kitu kwa nia ya ibada anaandikiwa thawabu. Lakini ubakhili ni kuzuia haki ya mtu. Hind bint Utba alipomlalamikia mumewe Abu Sufyan kuwa hampi ya kumtosha yeye na mwanae, Mtume alimwambia achukue kinachomtosha yeye na mwanae kwa wema. Neno ni kinachotosha. Mtoto aliyekunywa chai, kala mchana shule, karudi nyumbani kakuta wali na mchuzi, ukimwambia leo chipsi hakuna hujamdhulumu chochote, kwa hiyo dhambi hapo sioni dada yangu.

Sasa hili la "hela ndogo haitufilisi" ndo nisilokubaliana nalo. Mujahid, yule mfasiri mkubwa mwanafunzi wa Ibn Abbas, alisema mtu akitoa mali yake yote kwenye haki hawi mbadhirifu, na akitoa kibaba kimoja tu pasipo haki huo ni ubadhirifu. Kibaba! Yaani hakuangalia kama kitakufilisi au hakitakufilisi, aliangalia kimeenda wapi. Hapa nieleweke vizuri, ashkrimu ni halali na mtoto kuila si ubadhirifu, ila we ndo unayeona, juisi inanyweka nusu inamwagwa? chipsi zinabaki kwenye mfuko mpaka zinaoza? bando linaisha usiku na sala ya alfajiri inapita? Halafu piga hesabu, elfu ishirini kwa siku, siku tano laki moja, wiki nne laki nne, na hapo hujaweka za jioni. Kuna mtu mtaani kwako analea familia nzima kwa hiyo laki nne.

Na Allah katika Suratun Nisaa aya ya 5 amekataza kuwakabidhi mali wale wasioweza kuisimamia, na wafasiri wengi wamewataja watoto wadogo humo. Ila soma mpaka mwisho wa aya, anasema walisheni katika hizo mali, wavisheni, na semeni nao maneno mema. Hilo la mwisho wazazi wengi tunaliruka, unamkatalia mtoto kwa ukali, unamwita mlafi mbele ya wenzie, afu unasema unamfundisha dini. Hapana. Mkatalie huku umemkalisha karibu na umemweleza.

Kuna kisa kwenye Muwatta ya Imam Malik mimi kinanigusa sana. Umar bin Khattab alikutana na Jabir bin Abdillah kabeba nyama akamuuliza nini hiki, Jabir akasema tulitamani nyama nikanunua ya dirhamu moja. Dirhamu moja tu, na nyama halali, na mnunuzi ni sahaba! Umar akamwambia, hakuna kati yenu anayetaka kulibana tumbo lake kwa ajili ya jirani yake au binamu yake? Akamkumbusha aya ya Suratul Ahqaf kuhusu watu waliomalizia vizuri vyao hapa duniani. Hakumharamishia, alimuonea huruma moyo wake usizoee kwamba kila ninachotamani nanunua. Na wanao wakitoka madrasa wakasimama kwa muuza ashkrimu, wapo wenzao wanasimama pembeni hawana hata mia tano, na wanao washazoea kutowaona.

Kuhusu mkubwa kupewa zaidi, matumizi yanaenda kwa mahitaji, wa miaka 14 ana nauli na daftari nyingi, hiyo si dhulma. Zawadi ndo inatakiwa usawa, kwa hadithi ya Nu'man bin Bashir ambaye baba yake alitaka kumpa yeye peke yake na Mtume akakataa kuishuhudia.

Cha kufanya, ongea na mume faraghani watoto wamelala, usimpinge mbele yao, na msifute kila kitu siku moja. Wekeni kiasi cha wiki badala ya kila asubuhi, kikiisha Jumatano kimeisha mpaka wiki ijayo, na wewe mama usiongezee kwa siri. Ijumaa nunueni ashkrimu nyumba nzima na wapeni hela ya kuwanunulia wenzao wawili watatu wa madrasa, watoe wenyewe kwa mikono yao. Hata wa miaka 7 ataweza.

Wallahu aalam.