Re: Jiwe jeusi zito nimeokota shambani, ni kipande cha asteroidi?
Mambo mkuu. Umesema jiwe ni jeusi, zito kuliko saizi yake na sumaku inanasa. Sumaku peke yake haitoshi, mawe kibao ya kawaida yenye chuma yananasa na hapo ndo madalali wanapokula hela za watu. Anza kulikwaruza nyuma ya kigae, ule upande usiong'aa, likiacha mstari mwekundu au mweusi mzito basi kwa kawaida ni la hapahapa duniani. Lisipoacha ndo upime nikeli (aina ya metali), maana asteroidi ni mabaki ya miamba na chuma toka sayari zinaundwa, na vimondo vya chuma, yaani vipande vyake vinavyodondoka duniani, huwa na nikeli, kile kimondo cha Mbozi hapa Tanzania ni chuma kama 90% na nikeli karibu 9%. Kwa picha tu siwezi kukuthibitishia, mpelekee mjiolojia.