Jeannette Rankin na kura zake mbili za hapana

Ndugu, umeuliza kama kweli kuna mbunge wa Marekani aliyepinga kuingia vita vikuu vyote viwili. Ni kweli kabisa, na alikuwa mwanamke: Jeannette Rankin wa Montana.

Alizaliwa 1880 karibu na Missoula. Alizunguka jimbo akidai wanawake wapige kura, na Montana wakaipata haki hiyo 1914. Miaka miwili baadaye akachaguliwa yeye mwenyewe, mwanamke wa kwanza kuingia Bunge la Marekani, wakati majimbo mengi bado yanawanyima wanawake kura. Hebu lifikirie hilo.

Aliapishwa Aprili 2, 1917. Siku nne tu baadaye ikaja kura ya vita dhidi ya Ujerumani. Wawakilishi 50 walikataa, yeye akiwemo, ila macho yote yalikuwa kwake. 1918 akagombea Seneti, akashindwa.

Alirudi bungeni 1941. Desemba 8, siku moja baada ya Japani kushambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, matokeo ya kura ya vita dhidi ya Japani yalikuwa 388 kwa 1. Hiyo moja ni yake. Watu walimzonga hadi akajifungia kwenye kibanda cha simu, polisi wakaja kumtoa. Wapo wanaomwita mkaidi. Mimi nasema huo ni ujasiri, maana alijua fika kwamba kura ile ingemmaliza kisiasa.

Hakugombea tena 1942, lakini hakunyamaza. Januari 1968, akiwa na miaka 87, aliongoza maelfu ya wanawake jijini Washington kupinga vita vya Vietnam.