Kati ya hija na hija: maswali yenu kuhusu matembezi ya mazoezi

Tangu mahujaji warudi makwao kutoka Namugongo, pale karibu na Kampala ambapo mashahidi wa Uganda hukumbukwa kila Juni 3, barua nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: miguu imeshazoea, Juni ijayo bado iko mbali, sasa tufanye nini hapa katikati? Nimechagua maswali ambayo majibu yake yatawafaa wengi.

Nilitembea kutoka Mityana na kikundi cha parokia, nikafika salama. Tangu hapo hata sokoni napanda bodaboda. Nafikiri nitaanza tena mazoezi Aprili. Nakosea? (Msomaji, Mityana)

Aprili ni kuchelewa. Pumzi hurudi upesi kwa mtu aliyewahi kutembea, na misuli nayo haikawii sana. Kano, viungo na ngozi ya nyayo ndivyo vinavyohitaji miezi. Ndiyo maana mtu hujisikia mzima kabisa siku ya kwanza barabarani, halafu siku ya pili kifundo cha mguu kinavimba. Tena Aprili ni kilele cha mvua. Utapata Jumamosi chache za maana, utataka kufidia kwa kujilazimisha, na hapo ndipo watu huumia.

Fanya hivi. Kuanzia sasa hadi Februari, tembea mara mbili fupi katikati ya wiki na mara moja ndefu mwishoni mwa wiki, kilometa 8 hadi 12, bila haraka. Kuanzia Machi ongeza safari ile ndefu kidogo kidogo, kama sehemu moja ya kumi kila wiki. Mapema Mei tafuta wikiendi mbili za kutembea Jumamosi na Jumapili mfululizo, maana hija ni kuamka na miguu iliyochoka na kuendelea. Siku kumi za mwisho punguza.

Lakini lililo kubwa zaidi kwangu ni hili. Vikundi vyetu huvunjika Juni na kuundwa upya Mei, watu wakiwa hawajuani mwendo. Hakuna anayejua nani hunyamaza akiwa na kiu, nani huficha maumivu, nani akiachwa nyuma hukasirika. Mambo hayo hujulikana kwa kutembea pamoja mwezi baada ya mwezi, karibu na nyumbani, mahali ambapo kosa dogo halina gharama. Nanyi wa Mityana mna pa kuelekea: Kiyinda, alikouawa shahidi Noa Mawaggali tarehe 31 Mei 1886. Luka Baanabakintu naye, mmoja wa viongozi wa Wakristo wa Mityana, alichomwa Namugongo Juni 3 mwaka huo huo. Kusanyeni hata watu watano, mwende Kiyinda Jumapili moja kila mwezi.

Kwenye kikundi chetu cha WhatsApp kila Jumapili watu hutuma kilometa zao: 18, 22, 25. Mimi natembea 6 tu na naona aibu kuandika. Halafu sijui hata niandike nini. (Msomaji, Nansana)

Andika, dada. Aliyetembea kilometa 25 ametuambia habari zake. Wewe ukiandika vizuri kuhusu kilometa zako 6, utakuwa umempa jirani njia ya kutembea kesho asubuhi.

Ujumbe wenye faida hueleza ulianzia wapi na saa ngapi, njia ilikuwaje chini ya mguu, maji na choo viko wapi, kivuli kinaishia wapi, na mtu akichoka atarudi kwa usafiri gani. Kwa mfano: "Nansana hadi Kasubi kwa barabara ya Hoima. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Magari ni mengi na kuna vumbi kando ya lami mpaka Namungoona, beba kitambaa cha kujifunika pua. Kituo cha mafuta walituruhusu kutumia choo. Mlima wa mwisho kuelekea makaburini unachosha, pandeni polepole. Teksi za kurudi hazikosekani." Sentensi sita, na mtu asiyeijua njia hiyo anaweza kwenda.

Ukitaka, ongeza kilichokugusa. Kwenye makaburi ya Kasubi amelazwa Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga II, yule aliyeamuru mashahidi wauawe. Alifia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903 na mwili wake ukarudishwa 1910. Hujaji anayesimama pale akikumbuka Namugongo ana mengi ya kutafakari njiani kurudi, na kikundi kingependa kuyasikia.

Habari za mvua ni za thamani sana. Mitaa ya Kampala kama Bwaise na Kalerwe ikifurika, andika siku hiyo hiyo, maana wiki ijayo habari hiyo haina kazi.

Mambo mawili usiyatume: picha ya miguu au uso wa mwenzako aliyeumia kabla hujamwomba ruhusa, na saa kamili unazopita peke yako kila siku. Kikundi cha watu 200 kina watu usiowajua. Na kama wewe ni msimamizi wa kikundi, nakuomba uondoe ile orodha ya nani kaongoza wiki hii. Orodha hiyo huwanyamazisha wenye mwendo wa pole, na wao ndio wenye kuona choo kiko wapi.

Nina miaka 66. Watoto wangu wananikataza kutembea na vijana wa jumuiya, wanasema nitawachelewesha. (Mzee, Masaka)

Shikamoo mzee wangu. Kwanza nenda kituo cha afya wakupime presha na sukari, na uwaambie wazi kwamba unajiandaa kwa safari ndefu ya miguu. Wakikuruhusu, wewe ndiye utangulie mbele. Kikundi kinachoongozwa na mwenye mwendo wa pole hufika kikiwa kizima. Kinachoongozwa na kijana mwenye nguvu hukatika vipande vitatu kabla ya saa nne asubuhi, na wa nyuma hubaki bila maji.

Magoti huumia zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda, hivyo beba fimbo, piga hatua fupi kwenye mteremko, wala usikimbie kuufuata mteremko. Njia ya kuelekea Villa Maria inakutosha kwa mazoezi: nenda kwa miguu, rudi kwa teksi. Hakuna sheria inayosema lazima mtu atembee kurudi pia. Hija yenyewe, kilometa kama 130 kutoka Masaka hadi Kampala kabla ya kukata kwenda Namugongo, utaamua Mei kwa jinsi mwili utakavyokuwa.

Malengelenge! Kila mara kisigino na kidole kidogo. Nitoboe au nisitoboe? (Msomaji, Mukono)

Dogo lisiloumiza, liache na ulifunike. Likiwa kubwa, limejaa na linakuzuia kutembea, osha kwa sabuni, toboa pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, kamua maji taratibu, ngozi ya juu usiibandue, kisha funika kwa plasta safi. Mwenye kisukari asijitoboe, aende kliniki.

Kinga yake ni kukausha miguu. Beba soksi za pili, zibadilishe katikati ya safari, paka mafuta ya mgando panaposuguliwa, na kata kucha siku mbili kabla. Raba mpya zivaliwe kwenye matembezi haya ya mtaani kwa wiki kadhaa. Anayezifungua kwenye boksi siku ya safari atalia njiani.

Mimi ni Muislamu wa Kibuli. Majirani zangu Wakatoliki hutembea kila Jumamosi alfajiri na wamenikaribisha. Mke wangu haoni kama inafaa. Nami nina nia ya kwenda Makka Mungu akijaalia. (Msomaji, Kibuli)

Swali hili nimelipenda, kaka, na nitalijibu kwa kirefu.

Hija yako nayo ni ya miguu. Tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, ni mizunguko 7. Sa'yi, kupita kati ya vilima vya Safa na Marwa mara 7, peke yake ni kilometa 3 na kitu. Ongeza kutembea Mina, Arafa na Muzdalifa, na msongamano unaokulazimisha kuzunguka mbali. Wengi wetu husubiri hadi uzee ndipo tupate nauli, na huingia kwenye kazi hiyo bila mwili kuandaliwa. Joto nalo si la Kampala: mwaka 2024 Makka ilipita nyuzi 50, na serikali ya Saudia ikatangaza vifo zaidi ya 1,300 vya mahujaji. Kwa hiyo majirani zako wanakupa kitu unachokihitaji. Fanya mazoezi ukiwa umevaa zile sandali utakazotumia kwenye ihramu, yaani ukiwa katika vazi la hija, kwa sababu huko huvai soksi na raba. Ukishazoea asubuhi, ongeza matembezi mafupi ya saa nne, ukiwa na maji, mwavuli na mwenzako, ili mwili ujifunze kutoka jasho.

Kuhusu kufaa: Namugongo si ya upande mmoja. Mwaka 1876, miaka 10 kabla ya wale Wakristo, Kabaka Muteesa I aliamuru kuuawa kwa Waislamu waliosimama na dini yao, na Namugongo Waislamu nao wana mashahidi wao na msikiti wao. Wakatoliki wanaenda kwenye kumbukumbu ya mashahidi 22, Waanglikana 23 wao, na wewe ukifika pale una wako wa kuwaombea dua. Mwaka 2025 siku ya Arafa iliangukia Juni 5, siku mbili tu baada ya sherehe za Namugongo. Mtaa mmoja ulikuwa na mahujaji wa pande zote mbili wiki hiyo moja.

Mambo ya kukubaliana mapema ni machache. Safari ianze baada ya swala ya alfajiri, nao wataona si taabu kungoja. Wao wakisali rozari wakitembea, wewe leta dhikri yako kimya. Asiombwe mtu kuitikia sala isiyo yake. Na mkeo, mwalike atembee Jumamosi moja tu awaone hao watu kwa macho yake. Baada ya hapo mtazungumza mkiwa wote wawili mnajua mnachokizungumzia.

Tuko wanawake wawili, tunataka kutembea alfajiri, lakini tunaogopa giza, mbwa na bodaboda. (Wasomaji, Arua)

Hofu yenu ina msingi, dada zangu. Msiondoke gizani. Kwetu karibu na ikweta jua halibadiliki sana mwaka mzima, hivyo mkingoja kupambazuke hampotezi kitu zaidi ya nusu saa. Tembeeni upande wa kulia wa barabara ili magari na bodaboda zinazowajia ziwe mbele ya macho yenu, mmoja nyuma ya mwingine, na nguo za rangi ya kung'aa. Masikio yawe wazi, redio na muziki mviache nyumbani. Mbwa msimkimbie; simameni, msimkazie macho, ondokeni kinyumenyume polepole, na fimbo iwe mkononi.

Mwambieni mtu mmoja wa nyumbani njia na saa ya kurudi, na mmtumie yeye mahali mlipo kwa simu. Mkikosa kufika, ajue pa kuanzia. Na jaribuni kuwatafuta wengine kwenye kanisa kuu la Ediofe baada ya misa. Naamini mko zaidi ya wawili wenye nia hii.

Soroti ni tambarare. Tutapata wapi milima ya kufanyia mazoezi? (Msomaji, Soroti)

Mwamba wa Soroti uko mjini kwenu. Ukiruhusiwa, panda na kushuka mara kadhaa kwa wiki. Ngazi za jengo lolote la ghorofa nazo zinafaa. Msijali sana. Njia yenu ya Kumi, Mbale na Iganga haina milima ya kutisha hadi mpite Jinja na kuingia msitu wa Mabira, na jua la Teso mnalotembea nalo ni mazoezi ambayo sisi wa Kampala hatuyapati.

Mjomba wangu amenilipia safari ya hija ya miguu ya Santiago de Compostela, Hispania. Nimeshatembea Namugongo mara kadhaa. Je, nahitaji mazoezi mengine? (Msomaji, Entebbe)

Hongera sana. Ndiyo, ya aina nyingine kidogo. Ile njia maarufu inayoitwa ya Kifaransa, kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, ni karibu kilometa 800, lakini wengi huanzia Sarria, zaidi kidogo ya kilometa 100 kutoka Santiago, kwa sababu 100 za miguu ndizo zinazotakiwa ili upewe cheti. Utabeba kijitabu cha mahujaji kinachogongwa mihuri njiani. Gonga angalau miwili kila siku.

Tofauti kubwa ni begi. Namugongo mara nyingi mizigo hubebwa na gari la parokia, huko unabeba mwenyewe. Anza sasa kutembea na begi la mgongoni lenye maji, nguo za kubadilisha na koti la mvua, na uzito usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili wako. Barabara ya Entebbe hadi Kajjansi inafaa kwa Jumamosi ndefu, ukianza mapema kabla magari hayajajaa. Ulizia pia hali ya hewa ya mwezi utakaokwenda, kwa sababu Galicia, eneo ulipo mji wa Santiago, ina mvua nyingi na baridi yake ya asubuhi itakushangaza. Koti la mvua lijaribu hapa hapa, tembea nalo siku mvua inaponyesha kweli. Na ukirudi, tuandikie njia ilivyokuwa, choo na maji vikiwemo.