Hita plagi: pima umeme kabla hujanunua plagi mpya

Ukikaa Mtwara utaambiwa hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha joto injini ya dizeli ili iwake, ni mambo ya watu wa Njombe, huku pwani joto linatosha. Injini mpya, labda. Hilux ya zamani yenye injini aina ya 2L au 3L haichomi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Inaanzia kwenye kichumba kidogo ndani ya silinda hedi. Kuta za kichumba hicho zikipoa hunyonya joto la hewa iliyobanwa, na ringi za pistoni zikishachoka hewa yenyewe haifiki joto la kuwasha dizeli. Ndiyo maana gari inayowaka Mikindani saa nne asubuhi inagoma Newala alfajiri ya mwezi Julai.

Angalia moshi kwanza. Stata inazungusha vizuri, moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi unatoka, injini inashika huku inamisi, kisha inatulia baada ya dakika moja: shuku hita. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Tafuta upepo kwenye mabomba. Na injini inayogoma ikiwa ya moto, hita ziache, tatizo liko kwingine.

Taa ya hita kwenye dashibodi usiiamini. Kwenye magari mengi ya zamani inaendeshwa na taima, itazimika kwa wakati wake hata kama hita zote zimekufa. Mlio wa rilei, swichi inayovutwa na umeme, nao unakuambia koili imevuta tu, haukuambii kama pointi zinapitisha umeme.

Soma volti zilizoandikwa kwenye hita yenyewe, maana zipo za 6, 12 na 24. Kwa mfumo wa kawaida wa volti 12, weka waya mweusi wa mita kwenye bloku ya injini na mwekundu kwenye utepe wa chuma unaounganisha hita, mtu awashe swichi ya ufunguo. Volti za utepe zisipungue za betri kwa zaidi ya 1, zote zikipimwa wakati uleule. Ukisoma sifuri, kagua fyuzi kubwa, rilei na waya unaoivuta. Ukisoma 9 wakati betri ina 12, kuna mahali panakula volti 3. Hita nne zikianza kuwaka zinaweza kuvuta ampea 60, kwa hiyo ukinzani wa omu 0.05 tu unatosha kuzila, na hita inapoteza karibu nusu ya nguvu yake. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, mwizi huwa hapa: ukoko wa kijani chini ya nati. Piga msasa utepe pande zote mbili, zile washa za chini ya nati, vichwa vya hita, na mwisho wa waya wa hasi kwenye injini. Wengi hununua hita mpya na kuzifunga juu ya ukoko uleule.

Umeme ukifika vizuri, toa utepe upime hita mojamoja kwa omu, kichwa hadi bloku. Nzima ya volti 12 ikiwa baridi husoma takriban 0.5 hadi 1.5. Gusisha kwanza ncha za mita, maana mita za bei poa zina omu zake za kupunguza. Mita isiposoma kitu, hita imekatika.

Fungua hita injini ikiwa na joto, baada ya kumwagia mafuta ya kulegeza kutu. Ikikaza, rudisha kidogo uende tena. Ikikatikia ndani, huenda hedi ikashuka. Ncha iliyovimba imekula volti nyingi au rilei imeganda. Ncha iliyoyeyuka, peleka nozeli za dizeli zikapimwe, inawezekana mojawapo inakojoa badala ya kupuliza. Funga mpya kwa mkono mpaka ikae, kisha kaza kwa spana ya kupimia nguvu, Nm 13 hivi kwa Toyota hizo.

Fundi akitaka kukuwekea kitufe cha mkononi, kitufe kivute rilei tu, umeme wa hita usipite humo, na usibonyeze zaidi ya sekunde 10. Hita za volti 6 usizipe 12 kwa njia hiyo, zinaungua. Na spirei ya kuwashia usiipulize kwenye injini ambayo hita zake zinafanya kazi: inalipuka kabla pistoni haijafika juu, na ringi zinavunjika.