Achana na hilo begi la vipande 108, mdogo wangu

Usiende Kariakoo kesho. Narudia, usiende. Nimesoma swali lako chai ikapoa mezani. Umemaliza VETA, umepata gereji Tabata, una laki tatu na nusu, na fundi wako mkuu kakwambia "ana mtu wake" huko Kariakoo anayeuza seti ya soketi, vile vikombe vya chuma vya kufungulia nati, vipande 108 kwenye begi la plastiki. Unauliza kampuni gani ni nzuri, ununue kompresa sasa au baadaye, na zana uzifungie wapi zisiibwe. Kompresa na wizi tutaongea siku nyingine. Leo ni hilo begi.

Hilo begi nalijua. Nililinunua 2016 kwa 120,000, na aliyenipeleka alikuwa fundi mkuu wangu, na yeye alikuwa na "mtu wake". Aliniambia, "Spana ni spana, bwana mdogo, kinachofungua nati ni mkono." Nikamwamini, maana alikuwa na mvi kichwani na oili kwenye kucha. Baadaye sana ndiyo nikajua kila kijana aliyempeleka pale, mzee aliachiwa elfu kumi ya soda. Na sanduku lake mwenyewe lilijaa zana za KTC, kampuni ya Kijapani, za mtumba, maandishi yamefutika kwa kushikwa. Soketi ya kwenye begi humo hukuti hata moja! Angekuwa anaamini mkono, si angefungulia meno?

Sasa sikia gharama. Ililetwa Toyota IST ya dereva wa teksi za mtandao, diski za mbele zimeisha, kazi ya asubuhi moja. Gari lilikuwa limekaa Tanga, jirani na bahari, kwa hiyo bolti za milimita 17 zinazoshika breketi ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski, zilikuwa zimeganda kwa kutu. Nikavisha soketi yangu mpya inayong'aa, nikaweka racheti, ule mpini wa kuzungushia soketi, nikachomeka bomba kwenye mpini, nikavuta. Ikalia "tak!" Nikafurahi, imeachia. Kumbe kilichoachia ni soketi: mdomo umetanuka, na bolti imebaki duara kama kidonge. Mkono ukaenda kujipigiza kwenye ukingo wa diski. Kidole changu cha kati mpaka leo hakikunjiki vizuri, nikimpungia mtu wa mbali inabidi nijiangalie kwanza.

Ningeishia hapo, hasara ilikuwa bolti moja. Sikuishia. Nikachukua soketi ya 16 ya humo humo, nikaigongelea kwa nyundo juu ya bolti ili ing'ate. Ikapasuka toka juu mpaka chini kama ganda la karanga. Nikamwita mchomeleaji, akachomelea nati juu ya bolti, akaizungusha, ikatoka. Tukagongeana mikono. Kuangalia vizuri, moto umekula raba za kalipa na waya wa sensa ya ABS, ile breki isiyoruhusu tairi kujifunga, unaopita pale pale. Waya nilisahau kuutoa, hilo nakubali ni langu, begi halihusiki.

Piga hesabu. Kalipa ya mtumba kutoka Ilala 80,000. Sensa 60,000. Mchomeleaji 15,000. Hesabu ya tajiri wa gari kwa siku mbili, ambayo dereva alinidai akiwa amesimama mlangoni, 60,000. Jumla 215,000, kwa kazi ambayo ufundi wake ulikuwa 30,000! Dereva hakurudi tena, na kijiweni kwao nilipewa jina ambalo humu msimamizi wa jukwaa atalifuta.

Tatizo liko ndani ya soketi. Zile za kwenye begi langu zilikuwa za pembe 12. Nati ina pembe sita. Soketi ya pembe 12 inaishika nati karibu na ncha za kona tu. Chuma kikiwa laini inatanuka, inateleza, na kona inaondoka nayo. Ya pembe sita inakaa kwenye ubavu wa nati, na inavumilia hata kutu ya Tanga. Wala usitishwe na "Chrome Vanadium", jina la chuma kigumu, iliyogongwa ubavuni. Yangu iliandikwa "Chrome Vanadiun", mimi nikadhani ni Kijerumani.

Kwa hiyo shika hili: namba tano, pembe sita. 10, 12, 14, 17, 19. Gereji zetu zimejaa Toyota, na kwenye Toyota hizo tano zitakumalizia siku. Nati za tairi ni 21, spana yake mara nyingi mteja anatembea nayo kwenye buti. Sasa vipande 108 vya nini? Mle kuna biti za bisibisi chungu nzima, mwanangu ndiye anazichezea. Nilipoanza upya nilinunua King Tony za Taiwan moja moja, wakati ule 9,000 kila soketi, na racheti ya 45,000. Jumla 90,000. Chini ya bei ya begi! Ile ya 14 ndiyo nimefungulia bolti ya oili ya Noah leo asubuhi.

Ila jina lolote zuri lina famba lake, kwa hiyo usinunue kwa kusoma. Leo jioni tafuta bolti ya 14 ambayo kona zake bado kali, ioshe kwa petroli, iweke mfukoni. Dukani ichomeke kwenye soketi kabla hujatoa hela. Ikicheza kama jino bovu, rudisha. Angalia na mdomo wake: ukuta uwe na unene sawa pande zote. Muuzaji akikukatalia kujaribu, toka, maduka yako mengi. Na nenda peke yako. Fundi mkuu akiuliza ulikuwa wapi, mwambie ulikuwa msibani.

Picha ya begi uliyotumiwa futa.